Ule Munene wa mu Shimo

Maman Neema,

Naandika mwenyewe. Usicheke mukono yangu. Unajua masomo yangu iliishia mwaka ya tatu kule Uvira, na tangu pale mukono inajua tu nyundo. Karatasi ni ya kaye ya masomo ya zamani ya Neema, ile ulikuwa unafungia mandazi. Upande moja kuko hesabu yake. Upande ingine kuko mweupe. Naandika ku mweupe.

Leo hakuna kazi. Mvua ilikata njia ya mawe, malori haipandi. Batu balirudi nyumbani. Mi nimekaa ku mulango, pale ulikuwa unachambulia muchele.

Nikuambie mambo ya hapa. Paa inavuja palepale. Mbuzi ilizaa mbili, moja ikakufa. Kule ng'ambo ya Rusizi vita inaisha, kisha inaanza, radio inasema ingine na masikio inasikia ingine. Saleh anakusalimia, angali ku mupunga wake, mugongo inamuuma. Ku kaburi yako nilileta mawe mwenyewe, moja moja, mawe muzuri, ile ya kukatwa. Nyasi haioti pale.

Lakini si juu ya ile naandika. Naandika juu ya ile filme.

Ndiyo. Ile ya bezi ba Londoni, benye kuiba diama. Bantu bangali banabishana, Maman Neema. Mi njo sikubishana, na miye njo ilinipiga.

Nitaanza mwanzo, juu sikukuambiaka hata siku moja vile mi niliona ile siku.

Unakumbuka salle ya video kule Bugarama, biti na mabati, grupe ya umeme inanguruma nyuma. Weye ulikuwa unauzia mandazi inje, mugongo ku ukuta. Miaka mbili ulisikia mafilme yote bila kuona hata moja. Ulikuwa unarudi unaniambia, "Leo kumekufa bantu kumi na mbili, na moja amebusiwa." Na ile siku bunduki ililia ya kweli, kule Kamanyola, ng'ambo ya mto, bantu ba mu salle balikaa tu, baliwaza ni ya filme. Weye njo uligonga mabati na beseni: "Tokeni, bajinga! Hii si ya cassette!"

Basi siku ya Mungu moja, kisha misa, mwenye salle akakuambia, "Maman Mandazi, leo ingia bure, filme ni ya kucheka, imetoka Bukavu." Ukasema unaingia kama Papa Neema anaingia. Mi nilitaka kulala. Mikono ilikuwa inauma tangu Jumatatu. Ulinivuta shati. Nikaingia.

Papa Dido alikuwa na mikro. Ule mutu wa Bukavu mwenye alikimbia vita, alisema alijifunza Kingereza ku Kampala. Bazungu banasema, yeye anageuza mu Swahili, anaongeza na chumvi yake.

Ilikuwa bezi bane, moja munene, moja mwembamba. Banavaa nguo za batu ba kutengeneza bomba ya mayi, ile nguo ya rangi ya machungwa. Banafunga njia kati ya muji, mbele ya maduka ya diama, ile mawe ya almasi, na banaanza kuchimba, mchana, bantu banaona. Polisi anafika. Batu ba mu salle banashika roho. Kumbe polisi anabasalimia! Anasimamisha magari juu yao. Anabaletea chai! Salle ilikuwa inakufa na kicheko. Weye ulikuwa unanipiga ku goti.

Mi nilikuwa nimekasirika. Unajua juu ya nini? Ule mwembamba alikuwa anashika piki ya kuchimbia kama kijiko. Shimo inaenda chini meta tatu na hakuna hata muti moja ku pembeni ya kushikilia udongo. Ile shimo ingebafukia siku ya kwanza. Na mikono yabo! Mikono safi kama ya padri. Nikasema kwa sauti, "Hawa hawajachimba hata choo." Bantu bakaniambia, "Papa Neema, nyamaza, hapa si shantye ya mawe."

Kuko na ingine sikusema. Nilikuwa nawaza Uvira. Bale ba bunduki baliingia kwetu, balibeba sufuria, balibeba kitanda, balibeba hata mulango. Tulivuka Rusizi na Neema ku mugongo yako na nguo ya mwili. Sasa nitacheka bezi? Nilikuangalia. Weye ulikuwa mu ile nyumba pamoja nami, na ulikuwa unacheka mpaka machozi. Sikuelewa. Naandika vile iko: ile saa nilikuchukia kidogo.

Kisha ule munene akapanda mu shimo aingie mu maduka. Akakwama. Kichwa iko juu kati ya diama, matako iko chini, miguu inacheza mu hewa. Benzake banavuta. Suruali ikatoka, yeye akabakia.

Na weye ukasimama. Mu salle nzima. Ukapiga kelele kwa sauti ya soko:

"Papa Neema! Enda umuvute, si ni kazi yako ile!"

Batu bakapasuka. Moja akasema, "Chukua na nyundo!" Ingine akasema, "Mupimie kwanza!" Papa Dido aliacha kugeuza Kingereza, alicheka mu mikro.

Mi nilisimama nikatoka. Nilipita mbele ya televizyo. Bakaniita, "Inama, weye si wa mu filme!" Sikuinama.

Nilienda kwa miguu peke yangu, kati ya mipunga, mpaka nyumbani. Ulifika nyuma, saa moja imepita. Nilikusikia mbele ya kukuona. Ulikuwa unacheka peke yako mu njia, na beseni ku kichwa. Ukaingia. Ukasema:

"Papa Neema, sikiliza, mayi ilipofika..."

Nikakuambia, "Nyamaza na bezi yako."

 Ukashusha beseni. Ukapika bugali. Tukakula. Ni ile tu.

Sikukuuliza tena. Niliwaza siku ziko mingi.

Unajua vile filme ilisumbua hii bonde. Ni juu ku mwisho mikro ya Papa Dido ilikufa. Filme ikaendelea na Kingereza tupu, mayi ikaingia mu shimo, bantu bakakimbia, magari ikapiga honi, na kila muntu akaelewa na macho yake. Kesho yake ku kazi habakuvunja mawe, balivunja maneno.

Saleh, akitoka ku mupunga, alisema filme ni ya muzuri sana juu polisi alivuta ule munene na mikono, na pingu iko tayari. "Mali ya muntu ni mali ya muntu. Mungu haendi vakansi."

Sajini, ule mwenye aliacha muguu ku vita ya kule, akamukatalia. Yeye anasema mayi ilisukuma munene juu kama kizibo ya chupa, akatoka na diama mu mifuko, akaenda. Na alisema ni haki yake. "Ile diama inatoka wapi? Londoni banalimaka diama? Inatoka hapa, nyuma ya hii mulima. Nimeona mashimo yake, nimeona benye kuchimba, bako na meno ya udongo. Bale bane banaibia mwizi." Saleh akamuuliza, "Na munene atakurudishia weye?" Sajini akasema, "Hapana. Lakini nitafurahi."

Katekista alisema filme yote ni uchafu, hii inchi iliona bezi ya kutosha, leo tunalipisha bantu kucheka. Nilimupenda ile siku. Nilikuwa peke yangu kumupenda.

Na kuko bengine benye balisema munene alikufa. Mayi ilimukuta amekwama. Na benzake balikimbia, bakamuacha.

Ku fontaine, pale pa kuteka mayi, babibi bakakuuliza weye, juu ulikuwa unajua mafilme kuliko bote, hata na macho ya kufunga. Saleh njo aliniambia vile ulijibu. Ulisema, "Yangu naiweka. Mutu wa kwanza ni Papa Neema, akiacha kununa."

Sikuacha.

Musimu ya pili ya mvua, homa ikakushika. Siku ya tatu hukuweza kusimama. Tukakulaza mu ngobyi, ile kitanda ya kubebea bagonjwa, tukakubeba ku mabega, miye na Saleh mbele, batoto ba jirani babili nyuma, banaume bakubwa sasa. Njia ilikuwa matope. Nikateleza, ngobyi ikainama. Na weye, macho imefunga, sauti kama ya mutu mwenye iko mu chumba ingine, ukasema:

"Mushike muzuri. Musifanye kama bale ba Londoni."

Batatu bakacheka. Walikuwa banalia na banacheka, na banatembea. Mi nikasema, "Nyamaza, unajichokesha."

Ni neno yangu ya mwisho kwako yenye ulisikia. Ku hopitali walifanya yote. Siku mbili ulilala, haukufungua macho. Nilikuwa nashika muguu yako, juu mukono ilikuwa na sindano ya dawa.

Sasa nikuambie yenye ulikuwa haupo.

Siku ya tatu ya kilio, mchana, banaume tulikaa inje ku bench, moto inawaka, babibi bako ndani na mama yako. Unajua vile kilio iko. Siku ya kwanza banalia. Ya pili banasema juu ya mukufu, ule mwenye amekufa. Ya tatu maneno inaenda popote, juu muntu hawezi kunyamaza siku tatu. Sajini akagusa filme. Saleh akamujibu. Bakaanza kubishana polepole, kwa sauti ya chini, kama bantu benye banakula kwa kujificha. Alitoka. Hakutoka. Alikufa. Hakukufa.

Kisha Saleh akasema, "Marehemu ile siku ya ngobyi alituambia tusishike kama bale ba Londoni."

Na mi nikacheka.

Maman Neema, sijui ilitoka wapi. Ilitoka kama jiwe kubwa likianguka, moja, kisha yote. Niliona matako ya ule munene. Niliona suruali. Nilisikia "Enda umuvute." Nilisikia yote kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya kuchekesha! Ilikuwa ya kuchekesha tangu mwanzo, na miye sikuiona! Nilishika tumbo. Nilianguka ku bench. Bantu bakaniangalia. Saleh akanishika bega, "Papa Neema. Papa Neema, acha."

Ndani kilio ikanyamaza. Mama yako akatoka ku mulango. Akaniangalia.  Akafunika kichwa na kitambaa, akarudi ndani.

Siku ya kumaliza kilio, kisha kunawa, alifunga nguo ya Neema mu kitambaa. Alisema mbele ya jamaa yote, "Uyu mutoto hatabakia mu nyumba yenye banachekea mukufu." Ndugu yako Faustin akachukua muzigo. Neema aliniangalia mpaka ku kona. Bakapanda Gitambi, kwabo ku mulima.

Utaniuliza, juu ya nini sikusema. Nitasema nini, na namna gani? Weye unajua. Mabukwe, mama ya bibi, ni mabukwe. Mbele yake siketi karibu, sili, sitaji jina yake. Mi nitasimama mbele ya mama yako, kilio ingali ya moto, nimuambie "matako ya Muzungu ilikwama mu shimo"? Hata Faustin sikuweza kumuambia. Nilinyamaza. Bakaona kunyamaza yangu, bakasema, mumeona, hana ya kujitetea.

Mwaka moja na nusu. Kila mwezi nilipanda Gitambi na sabuni na sukari. Nilikaa inje, ku jiwe. Mama yako alipokea na mikono mbili, macho chini. Neema aliniletea mayi ya kunywa. Mara ya kwanza alikimbia kuja. Kisha alitembea. Kisha alikuja polepole kama muntu mwenye anapelekea mugeni.

Amekuwa murefu. Meno ya mbele ilirudi yote. Anashika kiuno kama weye akikasirika.

Mwezi yenye ilipita alinisindikiza mpaka ku njia kubwa. Haikuwa kawaida. Alikuwa anaangalia miguu yake. Kisha akaniuliza:

"Papa, ni kweli ulimucheka mama?"

Nilisema hapana. Akasema, "Lakini nilikusikia."

Nilishuka ile mulima bila kuona njia. Nikawaza, sasa ninapoteza na uyu. Si kwa homa. Kwa kunyamaza.

Nikaenda kwa Saleh. Nilimuambia yote, hata "Nyamaza na bezi yako." Alikuwa anatoa ruba ku muguu. Akasema, "Mutafutie mabukwe filme aone." Lakini filme iko wapi? Cassette ilirudi Bukavu, bunduki ikalia kule, mwenye cassette alifunga duka. Papa Dido alivuka kutafuta mama yake. Hatujamusikia tena. Salle leo ni depo ya simenti. Filme imekufa, imebakia tu mu vichwa ya bantu, na kila kichwa iko na yake.

Nikasema, na siwezi kusema ku uso yake.

Saleh akatupa ruba mu mayi. Kisha akasema, "Bibi yako alisikiaka mafilme yote ku ukuta."

Unaona vile benzetu banakukumbuka.

Saleh akapeleka neno mwenyewe, yeye Muislamu wa bonde, akapanda mpaka kwa mukristo wa mulima. Mama yako akajibu, "Akuje. Nitakuwa ndani."

Ilikuwa Jumapili iliyopita, mchana. Nilivaa shati ile ya ndoa. Nilikaa inje, mugongo ku ukuta ya udongo, kama weye na beseni yako. Yeye alikuwa ndani, upande ile ingine. Nilisikia muti ya kiti ikilia. Nilisikia na kupumua ndogo pembeni yake. Nikajua ni Neema.

Nikaanza. Mi, Maman Neema. Mi nilikuwa Papa Dido.

Nilisema bezi bane. Nilisema nguo ya machungwa. Nilisema shimo, na hapa nilisimama kidogo nikaeleza vile hawakuweka biti ya kushikilia udongo. Ukuta ikasema, "Endelea, biti haituhusu." Nilisema polisi na chai. Ukuta ikauliza, "Bale bapolisi ni bajinga ao banakula pamoja nabo?" Nikasema sijui Maman, ku salle balibishana. Ukasikia? Akaingia mu kesi naye. Akauliza tena, "Na bibi ya ule munene? Alijua bwana yake iko mu shimo?" Nikasema filme haikuonyesha. Akasema, "Hiyo ni mubaya. Bibi njo alipaswa kuonyeshwa."

Nikafika pale. Nikasema, "Samahani Maman. Kuko neno inakuja yenye mukwe hasemi."

 Ukuta ikasema, "Nimezaa saba, nimezika batano. Sema."

Nikasema. Matako, miguu, suruali, yote. Nikasema vile ulisimama. Nikajaribu na sauti yako ya soko, sikuweza, ilikatika katikati. "Enda umuvute, si ni kazi yako ile." Nikasema bantu balinicheka na nilitoka. Nikasema ngobyi. Nikasema na yangu, "Nyamaza, unajichokesha." Nilisema yote. Kuku zilikuwa zinachakura mbele yangu.

Neema akauliza, ndani:

"Papa, ule munene alitoka?"

Nikawaza polisi ya Saleh. Nikawaza kizibo ya Sajini. Nikawaza bale bengine. Nikasema, "Alitoka."

"Unajua namna gani? Weye ulienda."

Ni mutoto yako.

Nikamuambia, "Mama yako alibakia mpaka mwisho. Na mama yako alirudi nyumbani anacheka, nilimusikia toka mbali. Muntu hacheki kama mutu amekufa. Basi alitoka."

Nilivyosema ile, nilisikia vile nimesema. Nikafunga kinywa. Lakini ilikuwa imetoka.

Mama yako akasema, polepole:

"Weye ulicheka."

Nikasema, "Ndiyo, Maman."

"Na alikuwa amekufa."

"Ndiyo, Maman. Nilicheka juu nilichelewa. Alitaka nicheke mu salle, sikucheka. Alitaka nicheke mu njia, sikucheka. Alitaka nicheke mu ngobyi. Ilipotoka, hakukuwa muntu wa kuisikia. Ilikuwa yake, si juu yake."

 Nilikaa. Jua ilitoka ku jiwe ikaenda ku ndizi. Nyuma ya ukuta kulikuwa na sauti, Maman Neema, na mi sijui kama ilikuwa kilio ao kicheko. Ukuta ya udongo ni munene. Weye ungejua. Ulikuwa unajua bintu bya ukuta.

Mwisho akasema, "Alikuwa vile tangu mutoto. Baba yake akilima, yeye anamuambia, baba, jembe inakulima weye." Kisha akapenga pua. Kisha akasema, "Vakansi ya masomo inaanza Ijumaa. Kuja Jumamosi umuchukue. Kuja mapema, njia ni mbaya."

Hakusema kama ni ya vakansi tu ao ya kubakia. Sikuuliza. Najua sasa kuuliza ni muhimu, lakini ile saa sikuweza.

Sikumuona Neema. Alibakia ndani. Nilipokuwa nashuka nilisikia muntu akikimbia nyuma yangu, nikageuka, hakuna. Ilikuwa mbuzi.

Leo ni Alhamisi. Nimetengeneza kitanda, nilifunga kamba mupya. Nilitafuta kitambaa yako ile ya bluu nitandike, panya ilikula pembe. Nitatandika upande muzuri juu. Nimenunua unga na mafuta. Nitajaribu mandazi. Ikiungua tutakula vile.

Naogopa. Nakuambia weye, sitaambia muntu mwingine. Naogopa atafika, atakaa ku ile kitanda, tutaangaliana kama bageni mu depo. Mi sijui kuongea. Weye njo ulikuwa unaongea nyumbani kwetu, miye nilikuwa ukuta.

Ku jioni naona shimo ile tulikuweka. Hakuna filme pale. Hakuna muntu wa kuvuta. Mi ni mutu wa mawe na mashimo maisha yangu yote, na ile moja siwezi kitu. Nimesema ile, sasa naacha.

Maman Neema, karatasi inaisha, imebakia pale mutoto aliandika saba mara nane. Nitapeleka hii ku kaburi kesho, nitaweka chini ya jiwe ya juu, ile pana, mvua isifike haraka.

Nakuahidi kitu moja, si mingi, unajua mi siko mutu wa mingi. Neema akiingia na neno mu kinywa, hata ya upuzi, hata ya bezi, nitaacha amalize. Na kama ni ya kucheka nitacheka ile siku, pale pale, si kesho.

Bakia salama mu udongo. Nisamehe ile ya bezi.

Na siku mi nitakuja huko, usinisalimie kwanza. Usiulize paa, usiulize mbuzi. Anzia pale ulikuwa umefika. Ule munene iko mu shimo, mayi imefika.

Nitakaa chini. Nitasikiliza.

Papa Neema